Mahali Bomba Linapoinama

Mafubira, Jinja
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu za heshima, mimi na Maxwell. Sisi ni wazima, ila vumbi la Mafubira limenipa kikohozi. Wewe je? Goti linaendeleaje? Na yule daktari wa masikio umekwenda kumwona, au bado unasema umestaafu uaskari wa jela na hutaki tena kuamriwa na mtu? Tangu masikio yako yafunge, simu haina maana kwetu, na nikikuambia ukweli nimeanza kupenda kukuandikia. Kwenye simu ulikuwa ukinipigia kelele kana kwamba niko gwarideni.

Kijana wako Maxwell alifika salama. Nimemtafutia kazi kiwandani kama ulivyoagiza, awe msaidizi wangu. Uliuliza tunafanya nini hasa, nami nitakueleza ili uache kuwaambia watu wa Namatala kwamba binti yako ni fundi wa choo.

Kiwanda ni cha maziwa na yogati. Bomba la maziwa, Baba, lazima liwekwe kwa mteremko. Pampu ikizimwa lijimwage lenyewe lote, maana kikombe kimoja kikibaki ndani kinaoza na kuharibu maziwa ya kesho. Kila baada ya kazi tunapitisha soda kali ya kusafishia, ya moto, ile inayochubua ngozi, kisha maji safi.

Sasa tunafunga sensa, kifaa cha kupima maziwa yanavyopita. Kina kasoro yake: bomba lisipojaa, hesabu inakuwa ya uongo. Mahali pake pazuri ni kwenye bomba lililosimama, maziwa yakiwa yanapanda. Yakipita, bomba limejaa; yakisimama, yanashuka yote. Lakini bomba la kusimama liko nyuma ya ukuta wa chumba baridi, na kuubomoa ni kusimamisha kiwanda kizima wakati huu wa maziwa mengi. Kwa hiyo mimi na injinia wetu, Ignatius, tumekubaliana bomba tuliinamishe kidogo, kama kamba ya nguo iliyolegea, na sensa ikae pale chini panapojaa daima. Ni kwa muda tu. Najua pale hapatajimwaga, kwa hiyo tumeagiza koki ndogo ya kufungulia kinachobaki. Iko njiani kutoka Mombasa.

Barua hii anakuletea Muzamiru, dereva wa lori la maziwa la Mbale. Jibu lako mpe yeye.

Binti yako,
Nangila

*Baba, mimi niko muzuri. Kazi iko mingi. Chakula ya Nangila ni mubaya sana, omba Mungu kwa ajili yangu. Mwanao, Maxwell.*

---

Namatala, Mbale
23 Februari 2025

Kwa binti yangu Nangila,

Salamu kwako na kwa huyo mlafi. Mimi nipo. Goti linauma lakini linatembea. Daktari nimemwona. Aliandika kwenye karatasi kwamba masikio yamekwisha, nami nikaandika chini yake kwamba hilo nililijua kabla ya kupanga foleni. Dawa ya kikohozi chako ni tangawizi, usinunue vidonge.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hiyo habari ya bomba kujimwaga nimeipenda, ni nidhamu. Lakini kuna jambo linanisumbua. Koki haijafika. Mtu akisimama nje ya bomba la chuma, anajuaje kama kuna kitu ndani? Mtaiuliza sensa? Si umesema yenyewe ina uongo wake?

Mwambie Maxwell agonge. Kila jioni ya utumishi wangu nilipita na rungu nikigonga vyuma vya madirisha ya jela. Chuma kizima kinalia. Kilichokatwa na msumeno kinatoa sauti ya mgonjwa, hata wafungwa wakikipaka sabuni na masizi, ukakipitishia macho usione kitu. Nilimfundisha Maxwell kwenye dirisha letu la hapa nyumbani. Wewe hukutaka, ulikuwa upande wa mama yako na vitabu alivyokuja navyo kutoka Bungoma. Yule kijana ana sikio kunishinda mimi wa wakati ule. Bomba tupu litalia, lenye kitu litanyamaza. Achukue spana, agonge, asikilize.

Sasa neno la furaha. Wazazi wa Natasha, mchumba wa Maxwell, wamekubali kutupokea kwa posa Jumatatu ya Pasaka. Maxwell ndiye aliyemchagua, mimi kazi yangu ni kuvaa koti. Mbuzi nimekwisha kumnunua, yuko nyuma ya nyumba, amekula shuka ya jirani yangu Nandutu na ametugombanisha. Maxwell asikose. Mimi sitasikia hata neno moja la wale watu, kwa hiyo nataka akae kushoto kwangu, upande wa goti zima, anigonge gotini kila wanaposema jambo la kuitikia.

Ni mimi Baba yako,
Wanyama

---

Mafubira, Jinja
Jumamosi, 15 Machi 2025

Kwa Baba, Afande wetu,

Salamu nyingi. Kikohozi kimekwisha, tangawizi imeshinda, usianze kujisifu. Unalalaje siku hizi na baridi ya mvua? Lile blanketi la kijani ulitumie, hukupewa liwe pambo.

Umenipa tabu kiwandani. Tangu nimsomee Maxwell barua yako hapiti penye bomba bila kugonga. Mwanzoni walimcheka. Halafu kuna siku alisimama penye tangi la nyuma, akagonga, akasema maji yamebaki, na kioo cha kompyuta kilikuwa kinasema tangi ni tupu. Wakafungua, wakakuta maji yamebaki. Siku hizi wanamwita Sikio. Hata Ignatius, kabla ya kutoa amri ya kufungua kitu, anauliza, "Sikio amesema nini?"

Sensa inahesabu vizuri. Koki imekwama Malaba, watu wa forodha wanataka karatasi ambayo hakuna anayeijua. Pale bomba linapoinama nimefunga kitambaa chekundu, na sheria niliyoweka ni kwamba hapafunguliwi mpaka maji safi yapite kwanza. Maxwell anasema kitambaa ni cha watu wasio na masikio. Nilicheka, Baba. Kusema kweli namwamini yeye kuliko kile kioo.

Anaimba jina la Natasha kutwa. Nimechoka.

Binti yako,
Nangila

*Baba, nagonga na inalia. Shati ya Pasaka nimenunua, ni ya bluu. Mbuzi asiikule. Mwanao, Maxwell.*

---

Namatala, Mbale
30 Machi 2025

Kwa Nangila na Maxwell, wanangu,

Salamu. Ninalala vizuri, blanketi ninalitumia. Nyinyi mpo?

Jina la Sikio limenifurahisha kiasi kwamba nilimwonyesha Nandutu barua. Amesamehe shuka. Nilipokwisha kuisoma nilikwenda dirishani nikagonga kile chuma cha katikati. Sikusikia kitu. Nilikishika kwa vidole, nikakisikia kinatetemeka, nikaridhika.

Koti limefuliwa. Maxwell aje Ijumaa Kuu, asingoje Jumapili, barabara itajaa.

Ni mimi Baba yenu,
Wanyama

---

Mafubira, Jinja
13 Aprili 2025

Kwa Baba,

Salamu. Natumaini hujambo na goti halikusumbui. Sisi tupo.

Nakuandikia upesi kwa sababu Muzamiru anangoja. Maxwell hataweza kuja Pasaka. Kazi zimezidi na kiwanda hakimpi ruhusa. Tafadhali waombe wazazi wa Natasha siku nyingine. Utuwie radhi.

Nangila

---

Namatala, Mbale
16 Aprili 2025

Nangila,

Salamu. Mimi mzima.

Barua yako nimeigeuza nyuma na mbele nikitafuta mkono wa Maxwell. Haupo. Kijana ambaye hawezi kukosa kulalamika juu ya chakula chako, leo anaahirisha posa yake mwenyewe na hana hata neno moja la kuniambia?

Muzamiru nilimkaribisha chai, akakataa. Nilimwandikia kwenye karatasi: "Mwanangu yuko wapi?" Akaangalia viatu vyangu. Mimi nimeishi na watu wanaoficha vitu, Nangila. Ninajua mtu anavyosimama akiwa na kitu nyuma yake.

Kama amefungwa, sema. Kama amefanya jambo la aibu, sema. Kama ni jambo baya kuliko hayo, sema pia. Usiponiandikia ukweli nitapanda gari nije, na nitauliza mlango kwa mlango Mafubira nzima, kiziwi kama nilivyo.

Baba yako

---

Hospitalini, Jinja
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Baba yangu,

Leo sina salamu ninayoweza kuiandika. Nilikudanganya, unisamehe. Maxwell yu hai, lakini ameungua uso na hospitali wamemfunga macho.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe tano, asubuhi. Tulikuwa tunapitisha soda ya moto, umeme ukakatika katikati. Pampu ikasimama. Bomba lilijimwaga pande zote mbili kama nilivyolipanga. Pale linapoinama halikujimwaga. Umeme uliporudi, Ignatius akasema kabla hatujaendelea tubadilishe mpira wa kiungo cha sensa, maana ulikuwa umeanza kuchakaa. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta. Sensa ilionyesha sifuri. Haikudanganya, hakuna kilichokuwa kinapita. Kilikuwa kimelala.

Maxwell alisimama akagonga bomba usawa wa kifua, pale lilipoanza kushuka. Lililia. Hata mimi, pale nilipokuwa, nilisikia. Akaniita, "Nangila, nifungue?" Nikamuuliza, "Umegonga?" Akasema, "Nimegonga, haina kitu ndani." Nikasema, "Haya, fungua."

Nilisema "haya", Baba. Ile sheria ya kitambaa niliitunga mimi na niliisahau mimi. Alikifungua kitambaa akakifunga mkononi mwake kisipotee. Kiungo kiko chini, hukifikii mpaka ulale chali. Miwani ya kujikinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ya mvuke. Alipolegeza kile kifungio, soda yote iliyokuwa imebaki ikamshukia usoni.

Tulimmwagia maji, mimi na Ignatius, tulimwagia bila kuacha mpaka gari likaja. Alikuwa anaita jina lako. Nilitaka kungoja madaktari waseme neno zuri ndipo nikuandikie. Hawajalisema.

Njoo, Baba. Muzamiru atakubeba kwenye lori.

Nangila

---

Mafubira, Jinja
18 Mei 2025

Kwa Baba,

Nakusalimu. Goti lako liko vipi baada ya safari ile ya hospitalini? Sijapata neno kutoka kwako tangu Pasaka, na Muzamiru anasema akifika kwako anakuta mlango umefungwa, ingawa anamsikia mbuzi akilia.

Uliondoka bila kuniaga. Sikulaumu. Lakini nataka ujue kilichotokea pale kitandani, kwa sababu wewe ulikuwepo na hukukipata. Ulipoingia uligonga chuma cha kitanda kwa fimbo yako. Maxwell akageuza kichwa hapo hapo. Akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, na mdomo wake ulikuwa ndani ya bandeji, hukuweza hata kuusoma. Nilichukua karatasi nikaanza kukuandikia maneno yake, ukausukuma mkono wangu. Ulikuwa umemshika kidole gumba cha mguu, basi, hapo tu palipokuwa hapajafunikwa. Halafu ukatoka.

Alikuwa anasema hivi: "Ililia, Baba. Mimi nilisikia muzuri, ililia. Uambie mimi kama nilikosea kusikia." Alirudia hayo. Alidhani umenyamaza kwa sababu umemkasirikia. Nilimweleza kwamba husikii, akasema, "Najua hasikii. Lakini alikuwa hapa."

Madaktari wamesema neno lao. Jicho la kulia wamelitoa. La kushoto lipo lakini halioni kitu. Atarudi kwangu mwisho wa mwezi. Natasha alikuja na mama yake. Mama yake alilia sana, na kwa jinsi alivyolia nilijua kwamba hawatarudi.

Kiwandani wamebomoa ukuta. Sensa iko kwenye bomba la kusimama sasa, inajaa na inajimwaga. Ignatius alinionyesha kama mtu anayenionyesha kaburi lililosakafiwa vizuri. Koki nayo ilifika kutoka Malaba. Iko kwenye droo.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Binti yako,
Nangila

---

Namatala, Mbale
29 Juni 2025

Kwa binti yangu Nangila, umsomee Maxwell,

Salamu. Nipo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika mkono ulikataa.

Maxwell, umeniuliza kama ulikosea kusikia. Hukukosea. Lililia kwa sababu pale ulipogonga palikuwa patupu. Nisikilize vizuri, maana hili sikukuambia. Vyuma vya jela ni virefu kuliko mtu. Sisi tulikuwa tunagonga kila kimoja juu, katikati, halafu tunachuchumaa tunagonga chini, kwa sababu mfungwa hukata chini mahali ambapo askari anaona uvivu kuinama. Vyuma vya dirisha letu ni vifupi kama mkono wangu. Ukigonga mara moja umekimaliza chote. Hapo ndipo nilipokufundisha, na kwa hiyo hukuniona nikichuchumaa hata siku moja. Dada yako aliponiandikia kwamba bomba linainama, nilisoma neno hilo kwa macho yangu mwenyewe. Sikufikiria upande wa chini. Nilifikiria dirisha.

Hukukosea kitu. Ulifanya nilivyokufundisha.

Nangila, uliposema "haya, fungua", ulisema kwa sababu ya barua yangu. Usijibebeshe yote. Nilitoka bila kukuaga kwa sababu nilijua ungeniandikia kwenye karatasi jambo la kunipoza, na sikutaka kulisoma.

Mbuzi nimempa Nandutu. Vyuma vya dirisha nimeving'oa. Sitaki kuviona.

Baba yenu,
Wanyama

---

Mafubira, Jinja
13 Julai 2025

Kwa Baba yetu,

Pokea salamu zetu sote wawili. Mimi mzima. Maxwell anakula, na chakula bado ni kibaya, kwa hiyo huyo ni yeye. Umepata usingizi? Usilale na dirisha wazi Namatala, tafadhali, hutasikia mtu akiingia.

Nilimsomea barua yako leo baada ya ibada. Alitaka nirudie pale uliposema mlikuwa mnachuchumaa. Nikarudia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa dirisha haina kitu?" Nikasema ndiyo, Baba ameving'oa. Akasema, "Mwambie arudishe. Siku mimi nikienda nyumbani nitashika nini nijue nimefika?"

Basi virudishe, Baba. Ni yeye anayekuomba.

Kuna jambo jingine. Alitaka kalamu. Tangu Aprili hajaandika, na nilitaka aniambie maneno niyaandike mimi, akakataa, akasema maneno ya chini ya barua ni yake. Nikamwekea kidole pale mwanzo wa mstari. Ameandika kwa muda mrefu, ameinama juu ya meza kabisa, kama zamani alipokuwa akiangalia karatasi. Mstari wa kwanza ulikaa vizuri. Iliyofuata yote ameiandika juu ya ule mmoja, mara nyingine kalamu imetoka kwenye karatasi ikaandika meza. Nilikuwa nimesimama pale na sikumzuia. Sikumwambia. Alipomaliza alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo, Baba, na sikuweza.

Nilimuuliza ameandika nini. Akasema, "Hiyo ni ya Baba."

Nimeigeuza hii karatasi kwenye mwanga mchana wote. Jina lako nimeliona, na neno "mimi". Mengine nimeshindwa kuyasoma. Nampa Muzamiru akuletee ilivyo. Jaribu na wewe, na ukishindwa, tafadhali mjibu kana kwamba umesoma.

Binti yako,
Nangila